Mwavuli wa Bi Sikudhani

Mwaka wa sita huu Bi Sikudhani anasimama mashindanoni, kando ya dimbwi na mwavuli wake mwekundu, akimshangilia Shwari, farasi anayempenda kuliko wakwe zake. Na mwaka wa sita huu Shwari karuka magogo yote, kafika kwenye maji, kagoma.

"Maji tu hayo, we mnyama!" alifoka, akiupunga mwavuli. "Utaniua kwa presha!"

Shwari akarudi kinyumenyume. Mpandaji akageuka, jasho likimtiririka.

"Mama, nakuomba. Akigoma tena tunatolewa. Haogopi maji huyu. Anaogopa huo mwavuli wako."

Bi Sikudhani akafyonya. Akaufunga, akaukalia. Jua likamchoma utosini. Shwari akasimamisha masikio, akaanza kuja, naye Bi Sikudhani akajiziba mdomo kwa mikono miwili.