Mama wa Kigae

Uani, Zuhra alikuwa akicheza kupikapika. Mchanga ndio wali, na mwanasesere wake wa matambara ndiye mtoto. Mbele ya mtoto aliegemeza kipande cha kigae kwenye kopo.

"Hicho nini?" aliuliza bibi yake, Bi Kidawa, huku akichambua mchele.

"Mama."

Mikono ya Bi Kidawa ikasimama juu ya ungo. Binti yake alikwenda ng'ambo kulea watoto wa watu, Zuhra akiwa hajaanza hata kutembea.

"Mimi nitakuwa mama," alisema Bi Kidawa. "Nipe mtoto nimlishe."

"Huwezi, bibi. Wewe upo hapa."

Zuhra akamwinua mwanasesere, akamsogeza karibu na kigae. "Mwambie mama umekula. Mwambie." Akangoja. Kisha akakunja uso kama mtu mzima. "Ameganda. Mtandao leo mbovu."

Akafudikiza ndoo, akapanda juu yake, akakinyanyua kigae kuelekea mawinguni, akikigeuza huku na huku. Ndoo ikaanza kuyumba. Bi Kidawa akaweka ungo chini, akaenda kuishika kwa mikono miwili.

"Umempata?" akauliza.