Shaba ya Mabomba

Mzee alipotaja shaba ya mabomba, Profesa alimkanyaga mkewe mguu chini ya meza. Maana yake: umesikia?

Shule Profesa aliiacha darasa la sita. Jina hilo alipewa na shemeji zake, na hawakuwa wakimsifu. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Ugonjwa wake ulikuwa kamera moja ya zamani, sanduku la mbao kubwa kama televisheni ya kizazi kilichopita, lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Lilikalia kona ya sebule ambayo mkewe aliitaka kwa ajili ya cherehani.

Hakuwahi kupiga nayo picha hata moja. Aliichunguza tu ilivyotengenezwa. Wajuzi wa mtandaoni walisema lenzi yake haikutoka kiwanda kimoja na sanduku, maana pete yake ya shaba ilikuwa nyekundu mno. Yeye akawajibu kwamba mwaka kamera hiyo ilipotengenezwa kiwanda kiliishiwa shaba, kikaazima ya mafundi bomba. Wazo hilo lilimjia akiwa chooni. Aliliandika mtandaoni mara nyingi hata akasahau lilikotoka.

"Nitafutie mtu mmoja tu aliyefanya kazi kile kiwanda," mkewe alimwambia. "Akikubali, limdude lako libaki sebuleni mpaka nife. Akikataa, stoo. Na usinune."

Sasa mtu huyo alikuwa mbele yao, nyumbani kwake, mzee msafi, amefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni.

"Kwa hiyo, mzee wangu, lenzi na sanduku vilitoka mlango mmoja?"

"Kama pacha," mzee akasema. "Wanaobisha hawajawahi kushika hata bisibisi."

Profesa alikaribia kulia. Hata yeye mwenyewe asingelisema vizuri zaidi ya hapo.

"Umesikia, mama watoto? Anayesema hapo si mimi."

"Nimesikia, baba watoto. Neno langu ni lilelile."

Cherehani ilikuwa imeshindwa. Mama watoto alichukua mkoba wake, akamshukuru mwenyeji, kisha kwa adabu tu akauliza:

"Na wewe, baba, ulikuwa kitengo gani? Cha lenzi?"

"Mimi? Getini, mwanangu, mpaka nikastaafu. Ndani walinzi hatukuruhusiwa hata kuchungulia." Mzee alivaa miwani, akatoa simu mfukoni. "Haya nimeyajulia uzeeni. Kuna bwana mmoja anaandika habari za kiwanda chetu, na mimi sikosi kumsoma. Kichwa kile, mwanangu, sijui alisomea wapi. Huyu hapa."

Mkewe Profesa akaipokea simu. Kwenye picha, msomi alikuwa anatabasamu, amesimama kando ya sanduku la mbao, kwenye kona ya cherehani.