Uchaguzi wa Ndege na Meli

"Nani mwenye akili timamu ameweka stempu juani?" Fundi Bomba aliuliza kwa sauti, na ukumbi mzima ukajua kuwa maonyesho yamefunguliwa rasmi.

Mkunga, mwenyekiti wa shirikisho, hakugeuka. Alikuwa anatandika kitambaa juu ya meza, pini mbili kazibana mdomoni.

"Mimi," alisema. "Na wewe mwenye mikono umesimama tu. Shika huko, tuisogeze."

Wakaisogeza meza mpaka kivulini, wakigombana njia nzima.

Shirikisho lile lilianzishwa na vyama vichache vya wakusanya stempu vya kanda ile, watu wa kuenea sebule moja. Maonyesho yao ya kwanza waliyafanyia darasani, stempu wakazibandika ubaoni kwa uji wa unga. Mpaka leo wazee wakikumbuka zilivyobanduliwa hushika vichwa. Baadaye vikaja vioo, vikaja vibano, ukaja ukumbi wa kukodi. Halafu wakaja viongozi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hayo ni maneno ya Fundi, na alikuwa akiyasema kila mwaka.

Yeye hakuletwa pale na mapenzi ya stempu. Aliletwa na mkewe, akimbebea makasha. Mke alipofariki makasha yakabaki, naye akabaki nayo. Shule aliishia njiani, lakini kwa kulalamika alikuwa na shahada. Nyumbani siku hizi alikuwa na redio tu, na redio, hata uipinge vipi, inaendelea na habari zake.

Mwaka huu alichoka kulalamikia pembeni. Akagombea uenyekiti.

"Hawa wakubwa wamekaa mpaka viti vimeshika sura ya makalio yao!" aliwahutubia wajumbe mbele ya meza ya stempu za maua. "Bomba la chooni linavuja, mimi fundi nimo humu humu, mtu hata kuniuliza!"

"Nilikuuliza," Mkunga alisema kutoka upande wa pili. "Ukaniambia utakuja kesho. Hiyo ilikuwa mwaka jana."

Watu wakacheka. Fundi akahamia hoja ya chai kuwa baridi.

Zamu ya Mkunga ilipofika, hakupanda hata jukwaani.

"Ndugu zangu, mnanijua. Mkinichagua, nipo. Msiponichagua, sina kinyongo na mtu. Mwanangu amejenga huko mbali na kila siku ananiita nikapumzike. Nitafunga mizigo wiki hii hii."

"Mizigo tutakubebea!" Fundi alipayuka.

"Wewe? Wewe hata sindano huwezi kuibeba bila kulalamika kwamba ina ncha."

Wakacheka tena, safari hii na Fundi mwenyewe, ingawa alijifanya anakohoa.

Uchaguzi wa pale haukuwa wa karatasi wala wa kunyoosha mikono. Mikono waliwahi kuijaribu, mtu na shemeji yake wakanuniana miaka mizima. Kwa hiyo kila mjumbe, na wagombea wakiwemo, aliingia peke yake nyuma ya pazia, akakuta bakuli mbili za stempu. Alitia stempu moja ndani ya bahasha: yenye ndege wa mdomo mwekundu ikiwa anamtaka Mkunga, yenye meli ikiwa anamtaka Fundi. Zilikuwa stempu za kawaida kabisa, na kwa sababu nzuri. Zamani kila mtu alikuja na yake, mpaka mwaka ule mjumbe mmoja alipotia kwa pupa stempu adimu. Bahasha ilipofunguliwa watu wote waliivamia na lenzi zao, wakabishana mpaka jioni, na mwenyekiti hakupatikana hadi mwaka uliofuata.

Wajumbe waliingia na kutoka. Mkunga aliingia, akatoka. Fundi alipoingia, hakutoka upesi.

"Fundi, ni bakuli mbili tu hizo, si duka la viatu!"

"Mwacheni, labda anaikagua meli kama haivuji!"

Hatimaye alitoka, anajifuta jasho. "Mageuzi hayataki haraka," alisema, akaenda kukaa mstari wa mbele, mikono kaifumbata kifuani.

Katibu, kinyozi kwa kazi yake, alizitoa bahasha kapuni moja moja, akizifungua na kuinua kila stempu kwa kibano, watu wote waone.

"Ndege. Ndege. Ndege."

Fundi alikunja uso.

"Ndege. Ndege."

"Leo kundi zima limehama!" mtu alisema nyuma.

"Ndege. Ndege. Ndege." Katibu akatia mkono kapuni, akatoa bahasha ya mwisho. Akaifungua. Akaitazama. Akainua kibano juu.

"Meli!"

Ukumbi ulilipuka. Viti vilisukumwa, watu wakapigana vikumbo kwa kicheko.

"Kajipigia mwenyewe!"

"Msimcheke, jamani, angalau kuna mmoja anayemwamini!"

"Mama Mwenyekiti, fungua hiyo mizigo, huendi popote!"

Wengine walingoja Fundi asimame apige kelele kwamba ameibiwa. Hakusimama. Alikuwa ameikodolea macho ile meli kwenye kibano, mdomo wazi, maana yeye alitia ndege.

Akageuza shingo polepole. Mezani pake, Mkunga alikuwa ameinama, anatafuta kwa bidii miwani iliyokuwa puani pake.