Kioo kwenye Ufa

Hidaya alipiga magoti mbele ya mwamba, akageuza kioo chake kidogo mpaka mwanga wa jua ukaingia ndani ya ufa. Vumbi tupu. Akahamia ufa mwingine. Karibu mwamba wote ulikuwa umebanduliwa kwa mitaimbo, na vipande vyake vilitapakaa chini.

Mama Chiku, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo chini ya mwamba, alisimama nyuma yake.

"Walikuja wenzako," alisema. "Walikuwa na karatasi yenye picha ya yule mjusi wako wa buluu, na ramani ya hapa kwetu. Nikawaonyesha njia, nikawapikia na chai. Waliondoka na makopo yamejaa."

"Hawakuwa wenzangu, mama. Wale ni wauza mijusi."

"Mbona karatasi ilikuwa na jina lako?"

Hidaya alikuwa ameiandika makala ile kwa furaha, kumtangaza mjusi ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumwona, na ramani aliichora mwenyewe, kwa fahari, mpaka kwenye nyufa zenyewe.

Akaelekeza kioo kwenye ufa wa mwisho. Ndani kabisa, kitu cha buluu kilimeta, kikarudi nyuma taratibu.

Akakifunika kioo kwa kiganja.

"Umemwona?" Mama Chiku aliuliza.

"Wameisha, mama."

"Na utaandika hivyo?"

"Nitaandika hivyo."

Mama Chiku alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Hidaya alitamani kumwambia, lakini alisimama tu pale pale, kivuli chake kimeuziba ufa.