Kisanduku cha Pumzi

Siku hizi dawa ya kumtuliza anayeacha pombe hufungiwa kisandukuni, na hakifunguki mpaka jamaa yake amhesabie pumzi kwa sauti. Zikiwa chache mno kinagoma, maana dawa ile yaweza kumlaza mtu asiamke tena.

Shangazi yangu Mkaguo ni mwanamke wa shoka. Alimhesabia mumewe Mwandoe, fundi cherehani, siku nane bila kunung'unika. Leo asubuhi, mikono ya Mwandoe iliyokuwa ikimwaga chai ilitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza tu. Shangazi akapiga vigelegele.

"Umepona, Baba Saghe! Kesho tunakirudisha zahanati."

Mwandoe akatabasamu, akakivuta kisanduku karibu, kisha akaanza kupumua harakaharaka ili kisigome.

"Nihesabie, Mama Saghe," akasema. "Leo tu."