Ni Hapa, Upande wa Nje

"Mwambie ni hapa nje ya nyonga, kwenye mfupa," Thérèse alimwambia mumewe, akiwa amelala chali kwenye kitanda cha altrasaundi. "Mwambie ubavu huu siulalii tangu mwaka jana. Nikisuka kichwa kimoja tu nimesimama, panawaka moto."

Mumewe akamgeukia dada mpimaji, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mke wake anachoka miguu.

Kiingereza cha Thérèse kilikuwa cha kuokoteza kwenye saluni anakosukia, mtaa wa Berea, lakini neno la kuchoka alilijua. Ndilo lililomrudisha nyumbani na vidonge kila mara, tangu eksirei itoke safi. Na kipimo hiki nacho kikitoka safi, hakuna atakayemsikiliza tena.

Kifaa kiliteleza juu ya jeli baridi, mbele, kwenye kinena. Skrini haikuonyesha ubaya wowote.

"Umeona, mama?" mumewe akasema. "Hakuna kitu. Tuache kusumbua watu."

Thérèse akaukamata mkono wa mpimaji pamoja na kifaa chake, akauvuta hadi nje ya nyonga, akaugandamiza juu ya mfupa mpaka machozi yakamlengalenga.

"Hapa," akasema, kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Dada akakaza macho. Akasogeza kifaa, akakirudisha. Ndani ya kano iliyoshika mfupa palikuwa na mpasuko mweusi.

"Nani alisema anachoka?" akauliza.

Mume akafungua kinywa kutafsiri.

"Usijisumbue, papa. Nimemsikia," Thérèse akamwambia mumewe. "Wewe mjibu."