Shairi la Mchana

Shairi la mchana liliingia kwenye simu mshonaji akiwa ameuma pini mdomoni, nusura azimeze.

*Tarumbeta yapaliwa,*
*mwisho haijafikia;*
*nami vivyo napaliwa,*
*kila nikikuwazia.*

Mumewe alikuwa kwenye kambi ya wapasua mbao, huko misituni ambako, kwa maneno yake, mtandao unapitisha ujumbe tu, sauti haipiti. Tangu achukue laini mpya alimwandikia ubeti mmoja kila siku, kwa chochote alichokiona na muziki wowote uliomfikia: msumeno, redio ya mpishi, matone juu ya bati. Mke alizisoma beti hizo kwa sauti, na mama mkwe akasikiliza toka chumbani, miguu yake mibovu juu ya mto. "Pole pole, mwanangu," alikuwa akisema. "Hapo vuta pumzi kwanza."

Lakini tarumbeta, msituni? Mwenye tarumbeta alikuwa mzee wa ghorofa ya jirani, karani mstaafu aliyejinunulia ili awakomeshe majirani, na asubuhi ile ile alikwama karibu na mwisho wa wimbo, akakohoa, mtaa mzima ukacheka.

Pini zikamdondoka moja moja. Kumbe bwana hakwenda popote. Yuko hapa hapa mtaani, kajilaza kwa mwanamke mwingine, anasikia anachosikia yeye, kisha anamtungia.

Kilichomchoma zaidi ni kazi. Dada yake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye kiwanda cha sare, mji mwingine, na nafasi haingoji kupita mwisho wa wiki. Alishasitasita vya kutosha kwa sababu ya zile beti: nisubiri, nisubiri. Mama mkwe hakumzuia hata kidogo. Alimwambia tu amsikilize mumewe.

Akaamua kumnasa. Mama yake mzazi alimwachia wimbo mmoja wa kubembeleza watoto, na mumewe aliujua fika. Akapita akiuimba chini ya madirisha ya watu: kwa seremala, nyuma ya bucha, kwenye ngazi za ghorofa. Watu wakaona kachanganyikiwa. Mwenye duka akamuuliza huyo mtoto anayembembeleza yuko wapi. Akajibu kwamba kapotea, na ana ndevu.

Beti zikaendelea kuja, za msumeno, za matone. Wimbo haukutajwa hata mara moja.

Wiki ilipokatika, alikuwa amechoka na aibu imemjaa. Labda tarumbeta zipo hata misituni. Labda amemsingizia mume wa watu aliyejitesa porini kwa ajili yake. Akampigia dada yake pale pale sebuleni, akamwambia nafasi ampe mwingine. Yeye anamsubiri mumewe. Dada akamuuliza kama ana akili timamu, akakata simu.

Mara mvua ikashuka, mvua ya kuziba masikio. Akafunga madirisha yote na mlango, akaenda jikoni kupambana na sufuria iliyoungua. Alivyokuwa akisugua, ule wimbo ukamtoka wenyewe, kwa sauti ya chini, bila kumtega mtu.

Simu ikatetemeka.

*Sufuria inalia,*
*bembelezi yaimbiwa;*
*nami mbali nasikia,*
*usingizini natiwa.*

Povu likamkaukia mikononi. Nje mvua ilikuwa bado inanguruma. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu.

"Mwanangu," mama mkwe akaita toka chumbani, "mbona leo husomi?"